Miche ya paini iliyong'olewa tutani itakaa siku ngapi kabla ya kupandwa?

*"Shikamoo mtaalamu. Nimenunua miche 2,000 ya paini kwenye kitalu cha tutani karibu na Mafinga. Imeng'olewa bila udongo na kufungwa mafungu ya mia mia. Shamba langu liko Ludewa. Nilipofika mvua ikakata, na vibarua niliopatana nao wamekwenda msibani. Leo ni siku ya tatu. Nusu ya miche nimeisimamisha kwenye ndoo za maji kivulini, nusu nyingine imo ndani ya mifuko ya nailoni chini ya mparachichi. Yote bado ni ya kijani kabisa. Mwenzangu ameona kwenye video kwamba Ulaya miche ya namna hii hukaa kwenye baridi miezi kadhaa, ananiambia nitafute friji. Je, naweza kusubiri mpaka mvua irudi? Nauliza kwa sababu mwaka jana nilipanda miche 500, ikakaa kijani karibu wiki tatu, halafu yote ikawa myekundu. Wazee wakasema ni mchwa."*

Marahaba, ndugu yangu. Kabla hujasoma zaidi, itoe miche yote kwenye ndoo na kwenye nailoni, fungua mafungu, funika mizizi kwa gunia la katani lililoloweshwa, na uiweke kivulini mahali pasipo upepo. Ukimaliza ndipo urudi tuzungumze.

Unataka kujua kama unaweza kuingoja mvua. Unaweza, ila si ndani ya ndoo, si ndani ya nailoni, na si kwa muda ule ambao video zile zinakuonyesha. Paini iliyong'olewa bila udongo katika msimu wetu wa kupanda mimi huihesabia siku moja. Mizizi ikichovywa kwenye tope, ikafungwa kwa gunia bichi na kukaa mahali pa ubaridi, miche inaweza kuvumilia siku mbili, ikiwa na bahati tatu. Zaidi ya hapo lazima irudi ardhini, hata kama ni kwa muda tu. Namna ya kuirudisha nitakueleza, lakini kwanza tuzungumze kuhusu huo ukijani, kwa sababu nadhani ndio uliokuponza mwaka jana.

Jani la paini lina nta nzito juu yake, na vitundu vyake vya kupumulia vimezama ndani ya ngozi. Hupoteza maji polepole sana. Maana yake ni kwamba mche ambao mizizi yake imeshakufa unaweza kubaki wa kijani wiki mbili au tatu, ukiishi kwa akiba ndogo iliyobaki kwenye shina na majani. Mnunuzi anaona kijani, kibarua anaona kijani, wote wanaridhika. Halafu ghafla shamba zima linageuka rangi ya kutu, na kwa kuwa kila kitu kimetokea shambani, lawama zinakwenda kwa vitu vya shambani: jua, mbegu mbaya, mchwa.

Mchwa wapo, sikatai. Lakini mchwa huacha alama. Utakuta ganda limetafunwa usawa wa udongo au chini yake kidogo, mara nyingi pamoja na vijia vya udongo vilivyopanda kwenye shina. Tena katika miti yetu ya kupanda, mikaratusi michanga ndiyo husumbuliwa zaidi na mchwa kuliko paini. Ukiwa na miche ya mwaka jana ambayo haijang'olewa, chimba kumi uitazame. Ikiwa mizizi iko vilevile kama ulivyoipanda, hakuna hata mzizi mpya mmoja mweupe uliotoka, basi mche ule haukuuawa shambani. Ulifika ukiwa umekufa. Mchwa akionekana kwenye mche wa namna hiyo, huenda alikuja kula mti mkavu tu, kama kawaida yake. Miche 500 kufa yote kwa pamoja, tena kwa wakati mmoja, ni dalili kubwa zaidi ya mizizi kukauka kabla ya kupandwa kuliko ya mchwa, ambaye kwa kawaida huua hapa na pale.

Sasa chukua mche mmoja kati ya hii uliyonayo, uutazame mizizi kwa karibu, mwangani. Mizizi minene ya kahawia kazi yake ni kuushika mti na kusafirisha maji. Anayekunywa ni yule mdogo: zile ncha nyeupe na nyuzi nyembamba zinazotoka pembeni. Utaona pia ncha fupi fupi zilizogawanyika mbili kama herufi Y, pengine zikiwa na utando mweupe au wa kahawia. Huyo ni kuvu, na ni rafiki. Paini bila kuvu huyo hudumaa. Ndiyo maana wenye vitalu huchanganya udongo uliochotwa chini ya msitu wa paini. Ncha hizi hazina ngozi ya nta kama jani. Kwenye jua na upepo wa mchana hukauka kwa dakika chache tu, na zikishakauka, kuzilowesha hakuzifufui. Mche utaanza upya kuotesha nyingine, kama bado una nguvu na kama udongo una unyevu wa kutosha kuusubiri.

Kwa hiyo mtu anaelewa kwa nini ulikimbilia ndoo. Kama shida ni kukauka, tuweke kwenye maji. Tatizo ni kwamba mizizi inapumua. Inahitaji hewa ya oksijeni muda wote, na maji yaliyotulia kwenye ndoo yana hewa kidogo sana. Mafungu ya mia mia yakisimama humo, hewa hiyo huisha ndani ya saa chache, kisha mizizi huanza kukosa pumzi, hutoa sukari yake kwenye maji, na bakteria wa kuozesha hupata chakula. Inusie ndoo yako. Ikiwa inanuka kama dimbwi lililolala, unajua kilichotokea. Tena maji huosha ule udongo na kuvu ulioulipia. Kulowesha miche ya paini kwa saa moja au mbili, kama imesafiri na kukauka kidogo, ni sawa. Kulaza usiku ni makosa. Siku tatu ni nyingi mno.

Nailoni ina kosa tofauti. Inazuia kukauka, na kwa hilo inasaidia, lakini miche iliyobanwa pamoja hupumua na kutoa joto, kama rundo la majani mabichi linavyopata moto katikati. Kadiri joto linavyopanda ndivyo mche unavyopumua kwa kasi zaidi na kuchoma akiba yake. Jua likitembea na kivuli cha mparachichi kikahama kwa nusu saa tu, ndani ya mfuko ule panakuwa jiko. Ingiza mkono katikati ya fungu. Ukihisi uvuguvugu, au ukikuta majani ya ndani yamepauka na yana ukungu, fungu hilo limeumia, hata kama majani ya nje yanapendeza.

Mwenzako na video yake hajadanganywa. Ni kweli kabisa kwamba kaskazini mwa Ulaya na Marekani miche ya mizizi wazi huhifadhiwa kwenye vyumba vya baridi, nyuzi moja hadi tatu hivi juu ya sifuri, au hata chini kidogo ya sifuri, na ikakaa wiki nyingi au miezi. Lakini huko siku zinapofupika na baridi kuingia, mche hulala. Huacha kukua, hufunga vichipukizi vyake, hujaza akiba ya chakula, na hupumua kidogo sana. Hung'olewa ukiwa usingizini, na ule ubaridi wa chumba kazi yake ni kuurefusha usingizi uliokwisha kuwapo. Kwetu mambo ni kinyume. Baridi ya Njombe na Makete, ile ya Juni na Julai inayoleta hata sakitu, inakuja wakati wa kiangazi ambao hakuna anayepanda. Tunapanda Desemba, Januari, pengine mpaka Februari, wakati mche uko katikati ya kukua, macho wazi kabisa. Ukiutia kwenye friji haulali. Unashtuka, na hewa kavu ya friji inaendelea kuukausha. Kama mtu ana miche hamsini na mahali pa kuilaza kwa usiku mmoja au miwili, ndani ya gunia bichi, chini kabisa ya friji mbali na kigandishi, sitamkataza. Miche 2,000 haiingii hata hivyo.

Huenda pia umewahi kusikia kwamba watu wa Muheza au Mtibwa huhifadhi mitiki wiki kadhaa na inapona. Hilo nalo ni kweli, na sababu yake inafundisha. Mtiki haupandwi kama mche mzima bali kama kisiki: shina hukatwa likabaki sentimita mbili au tatu tu, mzizi mkuu huachwa sentimita 15 hadi 20, mizizi ya pembeni yote hupunguzwa. Hakuna jani la kupoteza maji, na mzizi wenyewe ni mnene umejaa chakula. Ukiufukia kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini, unakaa kimya ukingoja. Ukipandwa, unachipua upya kutoka kwenye kisiki. Paini haina uwezo huo. Ukikata kichwa cha paini changa hivyo umeiua. Kwa hiyo usijaribu kupunguza majani wala kukata ncha ili "kupunguza kiu". Hiyo ni dawa ya mitiki, na kwa kiasi fulani ya migrivea, si ya paini.

Turudi kwenye miche yako. Anza kwa kuichambua, na uwe na moyo mgumu. Chukua kumi kutoka kila fungu. Kwaruza ganda kwa ukucha karibu na pale shina linapokutana na mzizi: ndani pakiwa pa kijani kibichi au peupe penye majimaji, shina li hai; pakiwa pa kahawia na pakavu, basi. Kisha shika mzizi mwembamba kati ya vidole viwili uuvute taratibu. Mzizi mzima hukatika kwa kushindana, na ndani ni mweupe. Mzizi uliooza hukuachia ganda lake mkononi, likateleza kama soksi, ukabaki uzi mtupu. Ukikuta zaidi ya nusu ya miche uliyoipima iko hivyo, fungu zima liweke pembeni. Najua linauma, fedha imekwenda. Lakini mche uliokufa haukugharimu bei yake peke yake. Utalipia shimo lake, utalipia kibarua wa kuupanda, halafu utalipia tena kurudishia mwakani, huku palizi ikiendelea kwenye nafasi tupu. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 miche 2,000 inatosha ekari nne na nusu hivi. Ikibaki 1,200 mizima, panda ekari mbili na nusu vizuri, sehemu iliyobaki iache kwa msimu ujao.

Miche iliyofaulu inakwenda mtaroni leo hii, kabla giza halijaingia. Tafuta mahali penye kivuli cha siku nzima, udongo laini, pasipotuama maji. Chimba mtaro wa kina kinachozidi mizizi kidogo, upande mmoja uwe wima na mwingine uwe wa mteremko. Changanya udongo wa mfinyanzi na maji mpaka tope lishike kidole bila kudondoka, na ukipata konzi kadhaa za udongo wa chini ya paini zilizokomaa, zitie humo. Samadi mbichi usiitie, inaunguza. Chovya mizizi, kisha laza miche kwenye ule mteremko, mafungu yakiwa yamefunguliwa, tabaka jembamba, isizidi mia hivi kwa mita moja ya mtaro. Hili la kufungua mafungu nalitilia mkazo kwa sababu ndilo linalorukwa mara nyingi: fungu likifukiwa likiwa limefungwa, miche ya katikati haigusani na udongo hata kidogo, inakauka au kuoza ikiwa ndani ya mtaro wako mzuri. Rudishia udongo mpaka usawa wa alama ya zamani kwenye shina, sindilia kwa mkono, mwagilia. Juu yake jenga kichanja kifupi cha nyasi. Mwagilia jioni jioni kiasi cha kuufanya udongo uwe na unyevu, usigeuke matope.

Humo miche inaweza kukaa wiki moja, hata siku kumi, bila shida kubwa. Baada ya hapo huanza kuotesha mizizi mipya mtaroni, na mizizi hiyo michanga hukatika ukiing'oa. Mvua ikichelewa kuliko hivyo, usiing'oe kwa kuvuta. Chimbua kwa uma au jembe kama unavyotoa mche kitaluni, na ukubali kwamba baadhi itashtuka.

Kuna njia nyingine ambayo wenzako watakushauri, kuihamishia kwenye viriba. Kwa miche yote naona ni kazi kubwa mno na gharama ya viriba, udongo na umwagiliaji hailingani na thamani ya miche. Tena mche uliohamishwa tutani ukatiwa kwenye kiriba unataka mwezi au zaidi kabla haujatulia, na wewe msimu wako hauna nafasi hiyo nyingi. Ila mia mbili au tatu bora, kwa ajili ya kurudishia itakayokufa, hiyo nakuunga mkono.

Na kuipanda leo hivyo hivyo, mvua iikute ardhini? Hapana, isipokuwa udongo wenyewe umekubali. Chimba shimo la sentimita 30, chota udongo wa chini, ufinyange. Ukishikana na kuacha ubichi kiganjani, unaweza kupanda hata kama mbingu ni nyeupe, ukianza alfajiri na kusimama jua likikaza. Ukimong'onyoka, subiri. Mvua moja ya kulowesha vumbi isikudanganye.

Siku ya kupanda yenyewe tazama mikono ya vibarua kuliko unavyotazama mashimo. Ni kawaida kumwona mtu ameshika miche ishirini mkono wa kushoto, mizizi ikipepea upepo, jembe mkono wa kulia, anakwenda mstari mzima hivyo. Akifika shimo la ishirini, mche wa mwisho umekwisha kukauka. Kila mpandaji awe na ndoo yenye gunia bichi au tope chini, atoe mche mmoja shimo likiwa tayari. Mzizi mrefu kuliko shimo ukatwe kwa kisu kikali ubaki sentimita 15 hivi. Usikunjwe, maana mzizi uliokunjwa hubaki umekunjwa, na mti utakuja kuangushwa na upepo ukiwa tayari mkubwa. Sindilia udongo kwa kisigino, halafu shika jani moja la mche ulivute: jani likatike, mche usitoke.

Msimu ujao patana na mwenye kitalu mapema. Mwambie akate mizizi chini ya tuta wiki kadhaa kabla na apunguze maji, ili mche ukomae na kuwa na mizizi mingi mifupi badala ya mmoja mrefu. Tuta limwagiliwe jioni, miche ing'olewe alfajiri kwa uma, ifungwe mafungu madogo ya hamsini ndani ya majani ya migomba na gunia bichi, isafiri usiku au ikiwa imefunikwa kwa turubai lenye nafasi ya hewa. Na usiing'oe yote kwa siku moja kwa sababu tu fuso limepatikana. Kitalu ndiyo ghala lako bora. Ng'oa kwa awamu, kulingana na watu ulio nao. Kwa shamba la mbali kama lako, ambapo safari peke yake inakula siku, mimi ningelipa zaidi ninunue ya viriba, au ningeotesha tuta dogo Ludewa kwenyewe, karibu na shamba.

Ukichambua ukakuta mizizi imeoza kwenye mafungu karibu yote, au ukakuta madoa meusi yanayozunguka shina usawa wa udongo hata kwenye miche ambayo haikukaa majini, usiipande kabla haijaonwa na mtu anayejua. Madoa ya namna hiyo yanaweza kuwa ugonjwa uliotoka kitaluni, nao unaweza kuupeleka shambani. Nenda kwa afisa misitu wa wilaya, au ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) iliyo karibu nawe. Usipeleke picha ya simu. Chukua miche kumi, mitano mizuri na mitano mibaya, mizizi ikiwa kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko, na uandike tarehe iliyong'olewa na jinsi ilivyohifadhiwa tangu siku hiyo. Ukiweza, chimba na ile ya mwaka jana iliyokauka, upeleke nayo.